Mtu wa Saba

Niliondoka mtaa wa Free Area, Nakuru, Jumatano moja asubuhi kwa sababu mwenye ua wa vyuma vikuukuu niliokuwa nikilinda alinunua mbwa. Hakunifukuza. Alisimama tu karibu na lango akimtazama yule mbwa akila, akasema, "Boss, huyu mbwa ni mkali sana," nami nikaelewa. Nilikunja blanketi langu, nikalitia kwenye begi pamoja na suruali ya pili, redio ndogo na daftari, nikatoka kabla jua halijapanda juu ya vilima vya Bahati.

Sikuwa na mpango. Mtu akiniuliza naenda wapi huwa namjibu "huko mbele," na mara nyingi jibu hilo huwa la kweli. Niliacha shule darasa la sita, na tangu siku hiyo nimekuwa nikizunguka nikiwauliza watu maswali yote ambayo ningemuuliza mwalimu. Kwa nini magadi hayaishi ziwani? Nani aliyeamua reli ipinde pale ilipopinda? Majibu nayaandika kwenye daftari, kwa mkono wa kushoto.

Nilivuka mji kwa miguu hadi njia ya kwenda Njoro. Hapo palikuwa na lori la mbao, tupu, limesimama, dereva anapambana na turubai lililomshinda kulikunja peke yake. Nilishika upande wa pili. Tulipomaliza akanitazama.

"Niaje, boss. Unaelekea wapi?"

"Wewe unaelekea wapi?"

"Elburgon."

"Basi na mimi ni huko."

Alicheka, akanifungulia mlango. Hakujua kwamba miaka kumi na minne nilikuwa nimelikwepa eneo lile la misitu na misumeno. Nilikuwa kijana wa kiwanda kimoja cha mbao huko juu ya Molo, na siku moja benchi la msumeno lilichukua kidole gumba cha mkono wangu wa kulia na viwili vinavyofuata. Vilivyobaki ni viwili vya mwisho. Vinaweza kubeba kikombe, haviwezi kukaza skrubu. Tangu hapo mkono ule umeishi mfukoni. Jaketi langu ni moja, na mfuko wake wa kulia nimeushona mara nne.

Nilipanda lori lile kwa udadisi, si kwa kitu kingine. Nilitaka kujua kama harufu ya mbao mbichi bado ingenitia kichefuchefu.

Haikunitia. Tulipoingia Elburgon palikuwa na ukungu na manyunyu, moshi wa maranda ukitoka nyuma ya vibanda, na mabanzi, vile vipande vya pembeni vyenye magome vinavyobaki baada ya kupasua gogo, yamerundikwa kando ya barabara kama kuni za jitu. Nilishuka, nikamshukuru dereva, nikaingia kibanda cha kwanza nilichokiona kikitoa mvuke. Kilikuwa kimeegemea karakana ya seremala.

Kwenye benchi alikuwepo mzee mmoja mwenye kofia ya sufi. Aliinua mkono wake wote juu, kumwonyesha mwenye kibanda idadi ya chapati. Mkono ule ulikuwa na vidole vitatu.

"Mzee, hiyo ni tatu ama ni tano?" mwenye kibanda akauliza, akitamka polepole na midomo wazi.

Mzee aliitazama ile midomo. "Ni vyote nilivyo navyo," akajibu kwa sauti kubwa mno.

Watu wakacheka, naye akacheka. Nilitazama huku na huku, nikaona kitu ambacho nilikuwa nimekisahau: katika mji wa misumeno, mkono wenye vidole vyote ni mkono wa mgeni. Aliyekuwa akipima sukari alikosa kimoja. Aliyekaa mlangoni alikosa viwili. Hakuna aliyekuwa ameficha chochote, na hakuna aliyekuwa akitazama, isipokuwa mimi.

Niliagiza chai na kuinywa kwa mkono wa kushoto.

Wakati huo mwanamke mmoja alitoka karakanani. Alikuwa na umri wa miaka hamsini hivi, aproni yenye penseli kifuani, na mguu mmoja mwembamba usiofika chini. Alitembea kwa mkongojo wa mbao uliopigwa msasa mpaka ukang'aa, na mkononi alikuwa na karatasi aliyoitazama kama mtu anayetazama nyoka.

"Mathe, habari ya asubuhi," nikamsalimia alipoketi mbele yangu.

"Mathe ni ya watoto wangu. Mimi ni mwenyekiti." Aliitia karatasi mfukoni, akanikazia macho. "Na wewe mbona unakunywa chai na kushoto?"

"Nimezoea."

"Watu hawazoei hivyo bure. Toa huo mwingine."

Sijui kwa nini nilitii. Labda kwa sababu aliuliza kama mtu anayeomba kuonyeshwa ubao kabla ya kuununua. Niliutoa mkono, nikauweka mezani. Aliugeuza mara moja, akaurudisha.

"Msumeno?"

"Msumeno."

"Una karatasi?"

"Ya nini?"

"Ya ulemavu."

"Mimi si mlemavu, mwenyekiti. Nimepungukiwa vidole tu."

Yule mzee alikuwa amenitazama mdomo muda wote. Alimeza chapati yake. "Hata mimi nilisema hivyo hivyo," akasema, na kibanda kizima kikasikia.

Mwenyekiti alinieleza mambo yake kwa haraka, akichora kwa penseli juu ya meza. Sheria inasema kwamba sehemu ya kazi ambazo serikali inawapa watu walio nje ya serikali lazima iwekewe vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Si msaada, alisema, ni kazi. Unaifanya vizuri ama unanyang'anywa. Kikundi chake kilikuwa cha watu kumi, wote wa mbao. Walikuwa wameomba tenda ya kutengeneza madawati ya shule za msingi za upande ule. Lakini ili kikundi kihesabiwe kuwa cha watu wenye ulemavu, katika kila watu kumi, saba lazima wawe na karatasi za daktari. Walikuwa saba hadi juzi. Kisha mmoja, mama mwenye mgongo uliopinda, alihamia kwa binti yake Busia, akaondoa jina lake; ndiyo ile karatasi iliyoingia mfukoni.

"Sasa tuko sita. Faili inafungwa Ijumaa huko Nakuru. Na madaktari wa kupima wanakuja hapa kituo cha afya leo tu, wakiondoka ni miezi miwili."

"Si mtafute mtu hapa? Nusu ya mji haina vidole."

"Nimewaomba. Kila mmoja ananiambia, 'Mwenyekiti, mimi si mlemavu, nimepungukiwa tu.'" Aliniiga sauti, vizuri kuliko nilivyopenda. "Msimamizi wa kiwanda akisikia una hiyo karatasi, ataona hufai kazi. Hicho ndicho wanachoogopa."

Kulikuwa na jambo lingine, nalo lilimchoma zaidi. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amemjia na suluhisho. Angemletea mtu wa saba mwenye karatasi tayari. Wao wangeweka sahihi zao, naye angechonga madawati yote kwenye karakana yake mwenyewe, mjini. Wao wangebaki picha ya mlangoni.

"Nilimwambia nini?" mwenyekiti akamuuliza yule mzee.

"Ulimwambia maneno ambayo mama wa kanisa hasemi."

"Nilimwambia nataka mtu, sitaki jina."

Aliniingiza karakanani kunionyesha dawati la mfano. Lilikuwa dawati la kawaida la watoto wawili, la saipras, lakini upande mmoja benchi lilikuwa limekatwa fupi na meza ikainuliwa kidogo, ili mtoto wa kiti cha magurudumu aingie na kukaa karibu na mwenzake. Alilipapasa ukingo. Alipokuwa msichana, alisema, mwalimu wake alikuwa mwema sana; kwa kuwa hakuweza kupanda benchi na ule mguu, alimruhusu kukaa chini kwenye sakafu, mbele kabisa, na alikaa hapo miaka mitatu akitazama soli za viatu vya mwalimu. "Kila darasa, moja kama hii," alisema. "Hawajaitisha. Nimeweka tu kwa mchoro, na wamekubali mchoro." Kama yule mfanyabiashara angechukua tenda, dawati la namna hiyo halingetengenezwa, kwa sababu linakula muda.

Dawati hilo la mfano ndilo ninaloandikia sasa.

Nilimwuliza maswali mengi, ndiyo tabia yangu. Kwa nini saba, si watano? Nani anayehesabu? Kiziwi wa sikio moja huhesabiwa nusu? Alijibu yote, kisha akasema, "Wewe unauliza kama mtu anayetaka kujua kila kitu isipokuwa kile kimoja. Utaenda ama hutaenda?"

Nilikuwa sijawahi kuitwa mahali popote kwa ajili ya mkono ule. Siku zote ulikuwa sababu ya kuambiwa niende. Nilisema nitaenda, zaidi kwa udadisi, nikajiambia, kuliko kwa kitu kingine.

Kituo cha afya kilikuwa mwendo wa nusu saa kwa kasi ya mkongojo. Mzee alikuja nasi. Njiani alinisimulia, kwa sauti iliyowafanya ng'ombe wageuke, jinsi alivyopimwa mara ya kwanza. Misumeno ilikuwa imemmaliza masikio yote mawili kwa miaka thelathini. Daktari alimwambia aketi akiangalia ukuta, akasimama nyuma yake na kutaja maneno kwa sauti ya chini, naye ayarudie. Mzee aliona aibu. Mbele yake palikuwa na kabati ya vioo, na kwenye kioo alimwona daktari mdomo wake wote.

"Nyumba, nikasema nyumba. Ndizi, nikasema ndizi. Daktari akafurahi sana! Akaniandika nasikia kama sungura."

"Akanikosesha mwaka mzima," mwenyekiti akasema.

"Nilifikiri ni mtihani," mzee akasema. "Mtihani mtu hupita."

Walicheka, nami nikacheka mpaka nikasimama. Nilijiambia, huyu mzee ni mjinga wa ajabu. Mwenyekiti alinionya mara tatu kabla hatujafika: "Leo usijionyeshe hodari. Umesikia? Ukiulizwa kama unaweza, usikimbilie kuonyesha." Nikamwambia nimesikia.

Lakini mwili haukusikia. Kwenye viwanda vya mbao, mtu anapoajiriwa, msimamizi husema, "Lete mikono." Unaipeleka. Na sisi tuliokatika tulijifunza namna za kuipeleka: kofia imening'inia juu ya mkono mbaya, ama unanyanyua gogo kabla hajauliza, ukitabasamu, ili macho yake yaende kwenye mgongo wako badala ya vidole. Baada ya kuhama huko niliyafanya hayo kwenye milango ya kazi za kila aina, mingi kuliko ninavyokumbuka. Daktari, mwanamke kijana mwenye koti jeupe na mikono ya baridi, alinikaribisha ndani, akavuta pazia, akasema, "Hebu nione mikono." Nikawa tena mlangoni pa kiwanda.

Alinipa shati lenye vifungo. Nikalifunga, kifungo kwa kifungo, kwa kushoto na meno. Alinipa chupa ya maji. Niliibana katikati ya magoti na kuifungua kwa mkono mmoja, upesi, hata tone halikumwagika. Aliweka sarafu mezani. Niliivuta hadi ukingoni kwa kidole changu cha mwisho na kuidaka hewani. Hiyo ni mbinu yangu bora, huwa nawaonyesha watoto. Kisha, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Hata gunia la saruji nabeba peke yangu, daktari."

Daktari aliandika. Niliyaona maneno, kwa sababu siku zote huwa nasoma kinachoandikwa: *Anajimudu vizuri.*

Nje ya pazia mkongojo uligonga sakafu. "Ee Baba! Nimeleta mtu wa maonyesho!"

"Mama, tafadhali," daktari akasema, lakini alikuwa anatabasamu. Kisha akaacha kutabasamu. "Mimi naandika ninachoona. Ninachoona ni mtu asiye na shida."

Nilitazama kalamu yake. Nilijua kilichokuwa kinatokea. Nilikuwa nimemcheka mzee kwa jambo hili hili nusu saa iliyopita. Lakini sikuwa na maneno ya kurudi nyuma. Kumwambia mtu "siwezi" ni kazi ambayo sikuwahi kuifanya, na kazi usiyowahi kuifanya huifanyi vizuri mara ya kwanza. Nikaliona akilini lile dawati, na lile benchi fupi.

Daktari aliweka kalamu chini. Alikuwa ananitazama ubavuni.

"Huu mfuko wako," akasema, "wa kulia. Mbona umeshonwa hivi? Wa kushoto ni mzima."

Swali lilikuwa dogo, na mimi ni mtu ninayeheshimu swali. Nikamjibu. Nilimwambia mkono huingia humo asubuhi na hutoka usiku. Nilimwambia kwamba msimamizi wa kwanza aliyeuona alinipa ujira wa nusu siku na kunionyesha barabara, na wa pili hivyo hivyo, na baada ya hapo nilijifunza kuondoka kabla hawajauona. Watu hudhani natembea kwa sababu napenda kutembea. Napenda kweli, sikumdanganya. Lakini kuna mahali ambapo ningekaa. Kulikuwa na duka la baiskeli huko Njoro ambapo ningekaa hata leo, kama siku ile spana isingeniponyoka mbele ya mwenye duka.

Hakuandika lolote. Alinipa tena ile chupa.

"Simama. Hapo, katikati ya chumba. Fikiri uko kwenye foleni, umebeba mzigo kwa kushoto. Bila magoti, bila meno. Fungua."

Alinipa faili zito nilishike kwa kushoto. Niliishika chupa kwa vile vidole viwili. Nilijaribu. Nilijaribu kweli, na hapo ndipo nilipoona tofauti: sikuwa namwonyesha, nilikuwa nafungua tu chupa. Iligeuka, ikateleza, ikaanguka na kubingirika hadi chini ya kitanda.

"Sasa kalamu. Andika jina lako kwa kulia."

Kalamu haikusimama hata kwa herufi moja.

"Sawa," akasema, na kalamu yake ikakata yale maneno ya kwanza, mstari mmoja ulionyooka, akaandika mengine mengi juu yake.

Nilitarajia aibu. Nilikuwa nimeikimbia miaka kumi na minne, nikajua ingenifikia hapo, juu ya sakafu ile. Badala yake nilihisi kama mtu aliyevua viatu vya kubana. Nikaokota chupa mwenyewe.

Daktari alikuwa akijaza sehemu ya chini ya fomu. Umri. Kazi. Nikasema fundi wa mbao, na lilikuwa neno ambalo sikuwa nimelisema muda mrefu. Kisha akauliza, "Makao?"

Nikaishika kamba ya begi langu.

"Unakaa wapi? Kikundi ni cha hapa, lazima uwe mkazi wa hapa."

Ningeweza kusema "huko mbele." Nilifungua mdomo, na pazia likavutwa. Mzee alikuwa amesimama hapo, macho yake kwenye midomo ya daktari. Sijui alikuwa akitusoma kupitia upenyo wa pazia tangu lini.

"Kwangu," akasema. "Chumba cha nyuma."

"Tangu lini, mzee?"

Mzee aliitazama saa ya ukutani, akahesabu. "Tangu leo."

Daktari alicheka mpaka akafunika uso kwa fomu. Lakini alisema yeye hana shida. Anayepaswa kuridhika ni mzee wa mtaa, ambaye lazima aandike barua kwamba mtu huyu anakaa pale kweli. Daktari akapiga muhuri. Mwenyekiti aliishika fomu kwa vidole viwili, kama kitu kilichotoka tanurini, akaisoma yote akiwa amesimama kwa mguu mmoja.

"Saba," akasema.

Tulirudi tukikimbia, kama unaweza kuita kukimbia. Nyumba ya mzee ilikuwa nyuma ya kiwanda kilichofungwa, ya mabanzi kuta zote, paa la mabati. Chumba cha nyuma kilikuwa na mbao, makopo ya misumari, gurudumu la toroli na kuku mmoja anayeatamia mayai. Kitanda hakikuwepo.

"Mzee wa mtaa anakuja saa kumi na moja," mwenyekiti akasema. "Bila kitanda hataandika. Namjua. Ameandikia watu barua na kesho yake hakuwaona tena."

Basi tulitengeneza kitanda. Mzee alichagua mbao, mwenyekiti alipima na kukata akiwa ameketi juu ya kreti, mimi nikashika randa. Nilidhani sitaweza. Lakini mwenyekiti alinitazama kidogo, akachukua kipande cha ubao, akakichonga kikawa kama pembe fupi na kukipigilia juu ya randa, mahali ambapo kidole gumba kingekaa. "Sukuma na kiganja," akasema. "Nani alikwambia randa inahitaji vidole?" Nilisukuma. Maranda marefu yakatoka, meupe, yakajikunja chini. Kuku alihama kwa hasira. Tulimhamishia mayai kwenye kofia ya mzee.

Kabla ya saa kumi na moja mbao zilikuwa zimeungana na kusimama kwa miguu minne, na mzee akaleta godoro kuukuu kutoka kitandani kwake mwenyewe. Alikuwa na mawili, alisema, na moja lilikuwa la marehemu mkewe, aliyependa wageni.

Mzee wa mtaa alifika na mwavuli na daftari lenye jalada gumu. Hakusalimia sana. Aliingia, akatazama dari, akatazama yule kuku, akakaa juu ya kitanda kwa uzito wake wote na kujitikisa.

"Bado kinanuka maranda," akasema.

"Ni kipya," mwenyekiti akajibu.

"Naona ni kipya. Hata msumari uko moto." Alinigeukia. "Wewe. Umetoka wapi?"

"Nakuru. Free Area."

"Na kabla ya hapo?"

Nilianza kumtajia. Nilipofika mahali pa tano aliinua mkono.

"Utakaa hapa?"

Nilitaka kuwa mkweli. "Mzee, sijawahi kukaa mahali zaidi ya miezi saba."

"Madawati yatachukua minne," mwenyekiti akasema haraka.

"Basi nitakaa hiyo minne, halafu tutaongea."

Mzee wa mtaa alifunga daftari. "Barua haina mahali pa kuandika 'halafu tutaongea.' Huyu mama nimemwona akipigania hii kitu tangu mvua ya kwanza. Sitaki aende Nakuru na karatasi ya uongo. Unakaa ama hukai?"

Mwenyekiti alikuwa ameshika ile fomu kifuani, na hakunitazama; nadhani aliona kwamba kunitazama kungekuwa kunilazimisha. Mzee mwenye nyumba alinitazama, lakini mdomoni, akingoja kuona nitasema nini. Nilifikiria barabara ya kwenda Molo, na Sachangwan juu kule, na jinsi ambavyo siku zote kuna lori. Lori lingekuwepo pia mwezi ujao. Nilifikiria pia kwamba sikuwa nimewahi kuulizwa swali hilo na mtu aliyekwisha kuuona mkono wangu.

"Ninakaa," nikasema.

Mzee wa mtaa aliandika barua juu ya goti, polepole, akalamba kidole na kuichana kwa unadhifu. Mwenyekiti aliitia kwenye faili pamoja na fomu, akahesabu kwa sauti, moja hadi saba, kisha akahesabu tena, na mara ya pili akakohoa kabla ya kufika mwisho.

"Kesho saa kumi na mbili nashuka Nakuru na hii," akasema. "Ikifungwa Ijumaa, tumo ndani. Na wewe, saa moja na nusu uko karakanani. Mchoro utakuwa mezani." Mlangoni aligeuka. "Na toa mkono mfukoni. Huko ndani hakuna kazi."

Waliondoka wakishuka njia, mwavuli na mkongojo. Kwenye viwanda vilivyobaki misumeno ilikuwa inazimwa, mmoja baada ya mwingine, na mji ukawa na ule utulivu ambao nilikuwa nimeusahau, wa saa ya vumbi la mbao kutulia chini. Mzee aliniambia chai itakuwa tayari, nitoke nikisikia akiita. Kisha akakumbuka kwamba anaita kwa nguvu sana, akacheka peke yake.

Nilitundika jaketi kwenye msumari na kutoka kwenda kunawa kwenye pipa la maji ya mvua. Niliporudi, mkono wa kushoto ulikuwa umebeba beseni, na mlango ulikuwa umejifunga kwa upepo. Ndipo nilipoliona komeo lake. Halikuwa la chuma. Lilikuwa kipande cha mti kilichochongwa kipana na kulainishwa, mfano wa ulimi wa ng'ombe, ambacho mtu anakisukuma juu kwa kiganja kilicho wazi. Nikatazama mlango wa jikoni: ulikuwa na lingine. Na la choo. Mtu asiye na vidole vya kutosha alikuwa ametengeneza nyumba hii kwa ajili yake mwenyewe, zamani, bila karatasi ya mtu yeyote.

Nilisukuma kwa kulia. Mlango ukafunguka, nikaingia.